Kidole Gumba na Mchanga wa Merikebu



Iko hadithi mashuhuri ya Mtume wetu (S.A.W.), ambayo masheikh huitaja sana mimbarini, inayowafananisha Waumini na mwili mmoja unaoshiriki maumivu ya kila kiungo chake. Tukiisikia, aghlabu fikra zetu huenda kwenye moyo, au jicho, au kichwa. Ni wachache wanaokumbuka kidole gumba cha mguu. Walakini aliyepata kuumwa na kidole hicho anajua ya kuwa mwili mzima hukosa usingizi kwa ajili yake: viatu havivaliki, jembe halishikiki, na hata kusujudu huwa taabu, kwa kuwa sijida ya mguu hukamilika kwa vidole vyake.

Makala hii tumeiandika khasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Kamsamba na vijiji vya jirani, katika wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Asiyepajua Kamsamba na ateremke kutoka nyanda za juu kwa barabara ya Mlowo, aache baridi ya Mbozi nyuma yake, mpaka afike bondeni kwenye joto, pale Mto Momba unapokwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Ng'ambo ya mto ni Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa, na siku hizi liko daraja. Wenyeji ni Wawanda na Wanyamwanga pamoja na wengine waliohamia, kazi yao ni mpunga, mifugo na uvuvi. Masika yakiwapo watu hukanyaga tope la mashambani bila ya viatu; kiangazi kikija lile tope hugeuka vumbi, nalo vumbi huingia ndani ya nyumba likalala pamoja na watu. Waislamu wa huko si wengi, lakini vumbi halichagui dini.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo nililoliona kwa macho yangu, katika chuo kimoja cha Kur'ani ambacho sitakitaja jina wala mahali. Mtoto wa miaka kama 8 alikuwa amesimamishwa nje, ameegemea ukuta, juzuu yake mkononi, akifuatisha kwa sauti ndogo yale ambayo wenzake walikuwa wakisoma ndani. Nilipouliza kosa lake nikaambiwa hana kosa la kusoma, isipokuwa ana funza, na wenzake wamemkataa wasije wakaambukizwa. Alikuwa akisimama kwa visigino, vidole vyote ameviinua juu. Nilivitazama. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, ukucha umeinuka, na pembeni mwake yako madoa meupe yenye nukta nyeusi katikati.

Nilirudi nyumbani nikajiuliza: nani katika khabari hii anayestahiki kuona haya? Nikaona jawabu haliwezi kupatikana bila ya kuijua tarikh ya mdudu mwenyewe.

Kabla ya hapo tuondoe kosa moja. Si kila maumivu ya kidole gumba ni funza. Liko jongo, ambalo huja ghafla, mara nyingi usiku, kifundo cha kidole kikawa chekundu na cha moto hata shuka haivumiliki juu yake. Hilo ni maradhi ya damu iliyozidi asidi ya uriki, ambayo chembe zake hujikusanya katika kiungo. Matabibu wa Kiislamu waliyajua maradhi hayo vizuri. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja katika kitabu chake cha Qanun mmea uitwao suranjan, na kutokana na mmea wa ukoo huo Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820 walitoa dawa ambayo mpaka leo inatumika katika mahospitali kwa jina la kolchisini. Mmea huo ni sumu na haufai kuchezewa. Mwenye dalili hizi na aende hospitali apimwe. Uko pia ukucha unaoingia nyamani, na liko jiwe ambalo mtu amejikwaa akalisahau. Lakini mtoto wa kijijini anayetembea kwa visigino, na anayejikuna usiku kucha, mara nyingi khabari yake ni moja.

Sasa tuje kwenye tarikh.

Watu wengi hudhani funza ni wa kwetu tangu na tangu, kama mbu na kupe. Mababu wa mababu zetu hawakumjua. Neno lenyewe "funza" ni la zamani katika Kiswahili, lakini lilikuwa ni la kijidudu cheupe cha nyama iliyooza au cha ndani ya mahindi. Mdudu huyu alipokuja, watu wakamwona mweupe na mnene ndani ya nyama ya mguu, wakampa jina la yule waliyemjua. Wengine wakamwita tekenya, kwa ule mwasho wake. Jina huazimwa pale ambapo kitu ni kigeni.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, ya Kati na visiwa vya bahari ya Karibi. Waspania walipokwenda kuziteka nchi hizo mwishoni mwa karne ya 15 na katika karne ya 16, walimkuta huko, naye akawasumbua sana. Mwandishi wao Gonzalo Fernández de Oviedo amemweleza katika vitabu vyake. Wenyeji wa huko walikwisha kujua namna ya kumtoa, lakini wageni hawakujua, na baadhi yao walipoteza vidole. Itazame hali hii kwa makini, kwa sababu itarudi tena: walioumia zaidi siku zote ni wale ambao mdudu amewafikia kabla ya maarifa ya kumtoa.

Mwaka 1872, katika mwezi wa Septemba, merikebu ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola, ikitokea Brazili. Ilikuwa imebeba mchanga wa farumi. Ndugu zetu wa pwani wanajua farumi: chombo kisichokuwa na shehena ya kutosha hutiwa mchanga au mawe chini ili kisilewe baharini, na kikifika bandarini farumi hutupwa. Mchanga ule ulikuwa na funza. Ukamwagwa ufukweni, na watu wakaukanyaga.

Huo ndio mwanzo wa khabari. Mchanga usiokuwa na thamani, uliochotwa ili usawazishe chombo na ukatupwa kama takataka, umewatia vilema watu wasiohesabika katika bara letu. Hakukuwa na uchawi wala laana ya ukoo, wala uvivu wa mtu yeyote wa Kamsamba au wa Kasulu au wa Busoga.

Kutoka Ambriz alienea pwani kwa pwani mpaka mdomo wa Mto Kongo, kisha akaanza kupanda mto. Hakuwa na mbawa. Kiroboto huyu wa kike ana urefu wa milimita 1 hivi na huruka chini chini tu. Alipanda kwa miguu ya watu. Na katika miaka ile miguu iliyotembea sana Afrika ilikuwa ni ya wapagazi, na katika wapagazi hao watu wa Zanzibar na Mrima walikuwa na sifa kuliko wote.

Mwezi wa Februari mwaka 1887 Stanley alitoka Zanzibar na wapagazi na askari zaidi ya 600 aliowaandika huko. Katika chombo hicho alikuwamo pia Hamed bin Muhammed el Murjebi, tumjuaye kwa jina la Tippu Tip, pamoja na watu wake. Badala ya kuingia bara kwa njia ya Bagamoyo, walizunguka Rasi ya Kusini kwa meli mpaka mdomo wa Kongo, wakapanda mto, wakapasua msitu, wakaenda kumtoa Emin Pasha katika nchi za Nile ya juu, na mwezi wa Desemba mwaka 1889 waliosalia wakatokea Bagamoyo. Basi wako watu wa Unguja walioivuka Afrika kutoka bahari ya magharibi mpaka ya mashariki kwa nyayo zao, katika miaka ile ile ambayo funza alikuwa akipanda Kongo. Baadhi ya waandishi wa tarikh wameitupia safari hiyo lawama ya kumleta mdudu upande wetu. Mimi naona lawama hiyo ni finyu. Kongo ya siku hizo ilikuwa na misafara mingi, ya dola ya mfalme wa Ubelgiji na ya wafanya biashara, na mdudu hakuhitaji msafara mmoja tu. Jambo lenye uhakika ni kuwa barabara zilizobeba pembe na, kwa masikitiko yetu, zilizobeba watumwa, ndizo zilizombeba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikwishafika kwenye maziwa makuu. Na alifika wakati mbaya kupita kiasi. Sotoka ya ng'ombe ilipita Afrika ya Mashariki kiasi cha mwaka 1890 na 1891 ikamaliza mifugo, ndui ikafuata, na juu ya hayo Wajerumani na Waingereza walikuwa wakigawana nchi. Mtu aliyekwisha kupoteza ng'ombe wake na watoto wake, sasa akapoteza miguu yake.

Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alipita Uzinza, kusini ya Ziwa Viktoria, mwaka 1892. Aliyoyaandika ni mazito. Aliona watu ambao viungo vyao vilikuwa vikikatika kwa vidonda vya funza. Aliona mashamba yenye chakula kilichokomaa na watu wanaokufa kwa njaa pembeni yake, kwa sababu hawakuweza kusimama wakavuna. Na akaambiwa khabari za vijiji vilivyotoweka kabisa. Nilipokuwa sijaisoma khabari hii nilimfanyia funza mzaha, kama wengi wetu. Tangu siku hiyo sifanyi tena.

Kwa nini waliumia kiasi hicho? Kwa sababu hawakumjua. Mtu alijikuna, akadhani ni upele, akamwacha mdudu akue. Mwingine akamtumbua kwa kucha, kidonda kikaingia uchafu. Baadae watu walijifunza kutoka kwa wapagazi na wageni waliokwisha kumzoea: atolewe mapema, mzima, kwa kitu chenye ncha, pasipo kupasuka kile kifuko chake. Maarifa hayo madogo, ambayo kila bibi wa kijijini anayo leo, yaliwagharimu watu wa kizazi kile vidole na roho zao.

Na upande wetu wa Songwe? Hapa tuitazame ramani. Baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ndipo ilipopita ile njia iliyoitwa Stevenson Road, ambayo Waingereza walianza kuitengeneza mwaka 1881 ili kuunganisha Karonga na Tanganyika. Ilipita karibu na Tunduma ya leo, upande wa pili wa mpaka. Na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliutia mpaka namna ambayo njia hiyo ilibaki kwa Waingereza. Ndiyo maana hata leo mtu akisimama Tunduma huona nchi mbili katika mtaa mmoja. Wapagazi walipita hapo na mizigo kichwani, wakalala katika kambi zile zile za mavumbi, usiku baada ya usiku, msafara ukiondoka mwingine ukaja. Hakuna mahali ambapo funza hupapenda zaidi kuliko kambi ya namna hiyo: mchanga mkavu, kivuli, na miguu mipya kila jioni.

Kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amekwisha kufika pwani na Unguja. Wale mafundi na vibarua waliotoka Bara Hindi kuja kujenga reli ya kutoka Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, walipata taabu kubwa ya vidonda vya miguu, na funza akiwa mmoja katika sababu. Mwaka 1899 alionekana hata Bombay, miguuni mwa watu waliorudi kutoka Afrika, lakini huko hakupata makao akastawi kama alivyostawi kwetu. Basi katika miaka isiyotimia 30, kiumbe cha milimita 1 kilitoka ufukwe wa Ambriz kikavuka bara zima.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaongeza. Katika vita vya Afrika ya Mashariki, kuanzia 1914 mpaka 1918, wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Funza aliwalemaza wapagazi, askari na maofisa bila ya kutazama rangi. Askari waliokuja kutoka Afrika ya Kusini wakiwa na mabuti madhubuti walijikuta wakikatwa vidole. Na mwisho wa vita ulikuja kwenye mlango wa Songwe: mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck liliishambulia Fife, karibu na Tunduma, likaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba likasalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Waliowabebea mizigo watu hao walirudi makwao kwa miguu, kila mtu na alichokibeba.

Nimeyarefusha haya kwa makusudi. Mtu akisema mbele yangu kuwa funza ni ishara ya ukoo mchafu, nami nikamweleza khabari za merikebu, za misafara na za vita, husikia kama ninabuni. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Suratul Hujurat imetukataza watu kuwadharau watu, na dharau ya mwenye funza ina ubaya juu ya ubaya, kwani humfanya afiche miguu yake. Akificha, mayai yanaendelea kudondoka.

Tuelezane sasa namna anavyofanya kazi, maana hapo ndipo dawa inapoeleweka. Jike hujipenyeza katika ngozi ya mguu, zaidi pembeni mwa kucha, baina ya vidole na kisigino, akabakisha nje ncha ya mkia wake tu, ambayo ndiyo ile nukta nyeusi. Kwa tundu hilo hupumua, hunya, na hutaga. Katika muda wa wiki moja mpaka mbili tumbo lake hufura mpaka likawa kama punje ya njegere. Hutaga mayai kwa mamia, yakaanguka chini, kisha hufa humo humo ndani ya nyama, na mzoga wake ukaoza au ukasukumwa nje na ngozi. Mayai yaliyoanguka huanguliwa katika vumbi, na baada ya wiki 3 hivi kizazi kipya kiko tayari. Kwa hiyo mguu ni nusu tu ya maradhi. Nusu ya pili iko sakafuni.

Na tusijidanganye kwa kusema ya kuwa sisi hatufugi nguruwe. Ni kweli nguruwe humbeba sana, lakini humbeba mbwa pia, na mbuzi, na panya. Nyumba ya Mwislamu yenye panya na sakafu ya vumbi ni nyumba yake vile vile.

Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na siku yake ya funza, nayo ilikuwa ni Ijumaa asubuhi. Wajukuu wote tulipangwa juani kibarazani, mguu mmoja mmoja pajani pake, naye akatumia mwiba wa mlimao. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Alimtoa mdudu mzima kama mtu anayetoa kokwa katika zabibu. Kisha akapaka mafuta ya taa. Hakupata kuuliza hata siku moja nani amemleta funza nyumbani. Jambo hilo nalikumbuka kwa shukrani. Lakini lazima niseme na kosa lake: mwiba ulikuwa mmoja kwa sisi wote, na majirani wakija uliwahudumia na wao. Leo tunajua ya kuwa sindano, pini, wembe au mwiba unaopitishwa mguu hadi mguu unaweza kuhamisha virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Na mafuta ya taa huunguza ngozi na yanawaka moto. Na kidonda kinachobaki wazi kikaingia udongo ni mlango wa pepopunda, maradhi ambayo humkakamaza mtu mpaka akafa. Aliyechanjwa ana kinga, na kwa hiyo chanjo ya pepopunda ni katika mambo ya kuuliza zahanati kwa kila mwenye funza.

Tiba iliyo nzuri zaidi siku hizi ni ile isiyotumia ncha. Iko dawa ya majimaji iitwayo dimetikoni, jamii ya mafuta ya siliko, isiyokuwa sumu ya kuua wadudu. Huingia katika lile tundu la kupumulia ikaliziba, naye mdudu hufa mahali alipo, ngozi ikamtoa yenyewe. Ilijaribiwa Kenya kwa watoto 47 wa shule, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: mguu mmoja wa kila mtoto ulipakwa dimetikoni, wa pili ukarowekwa katika maji ya pamanganeti ya potasiamu, yale maji ya zambarau ambayo zahanati nyingi huyatumia. Baada ya siku 7, katika funza waliopakwa dimetikoni asilimia 78 hawakuwa na dalili ya uhai, na katika wale wa maji ya zambarau asilimia 39 tu.

Dimetikoni haipatikani kila duka la dawa, na kijijini ni ghali. Kwa hiyo nilifurahi niliposoma majaribio mengine ya pwani ya Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2019, ya mafuta ya mbegu za mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Hayakuwapita maji ya zambarau kwa idadi ya funza waliokufa katika wiki ile, lakini yaliwazeesha upesi na yalipunguza uvimbe. Mwarobaini unaota Afrika ya Mashariki yote, na nazi tunaijua. Haya ni mambo ambayo jamaa wa msikiti mmoja wanaweza kuyashughulikia bila ya kungojea mtu.

Ikiwa hapana budi kumtoa kwa ncha, basi kila mtu na sindano yake mpya, mguu uoshwe kwa sabuni kwanza, atolewe mzima, na kidonda kisafishwe na kufunikwa. Mguu uliokwisha kuvimba mpaka juu, au wenye usaha na homa, si wa nyumbani tena. Ni wa hospitali. Na mwenye kidonda ambacho maji yanakidhuru, sheria imempa nafasi ya kupangusa juu ya bendeji na kutayamamu. Na awaulize masheikh wa mji wake, wasimwache akaacha sala kwa sababu ya mguu.

Ama udhu, watu husema Mwislamu hapati funza kwa kuwa huosha miguu mara 5. Ingekuwa vizuri lau ingekuwa hivyo. Aya ya 6 ya Suratul Maida imetuamrisha kuosha miguu mpaka vifundoni, na Sunna ni kupitisha kidole baina ya vidole. Mwenye kufanya hivyo kwa makini humwona mdudu siku ile ile alipoingia, na hiyo ni faida kubwa. Lakini akitoka birikani miguu mibichi akakanyaga vumbi lile lile, na akalala juu yake, amerudi alipokuwa. Maji ya udhu hayaui mayai yaliyo sakafuni.

Dunia imeanza kumtazama mdudu huyu kwa jicho jengine. Mwaka 2010 katika nchi ya Busoga, Uganda, magazeti yaliandika khabari za watu waliokufa na maelfu walioathirika. Kenya ilitoa mwongozo wa taifa juu ya funza mwaka 2014, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimwingiza, pamoja na upele na wadudu wengine wa ngozi, katika orodha yake ya maradhi yaliyosahauliwa. Kwetu Tanzania wataalamu wamekwisha kuandika juu ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, ambako walikuta watu wengi mno wanaye. Na popote walipochunguza mambo yalikuwa yale yale: sakafu ya udongo, maji ya mbali, sabuni ya kununua, na watoto na wazee wakiumia zaidi ya wote. Sakafu iliyosirimbwa kwa saruji, au hata iliyopigwa udongo ikakandikwa vizuri na kunyunyizwa maji kabla ya kufagiwa, humnyima mahali pa kukulia.

Wiki mbili baadae nilipita tena kwenye kile chuo. Yule mtoto alikuwa ameletewa dawa na mjomba wake, naye ameruhusiwa kuingia. Nikavua viatu nikaingia nami, nikakaa mkekani pembeni. Mkeka ulikuwa umechakaa, na chini yake hapakuwa na saruji wala udongo uliokandikwa. Palikuwa na mchanga mkavu wa kijivu, laini kama unga, na watoto 30 na kitu wakiuchezea kwa vidole vya miguu huku wakisoma.